Rangi ya Usaha

Usaha ndio uliomshinda Khainza. Damu aliiweza upesi, kwa sababu damu inafundishwa na watu wengi mtandaoni, na wote wanaanza na wekundu mzito kisha wanaugusa kwa nukta ya nyeupe ili ung'ae. Lakini usaha kila alipoujaribu ulitoka kama kiini cha yai. Alipomtumia Daktari Romano picha ya kwanza, jibu lilirudi kwa sauti kutoka Mbale, na nyuma yake honi za magari.

"Dada, hii ni kastadi. Mtu akiiona atasikia njaa. Mimi nataka akiona ateme mate."

Khainza akarudi kwenye video. Akatafuta huku na huku mpaka akampata mzungu mmoja aliyefundisha kuchora vidonda vya sinema za kutisha. Lugha yake hakuijua, lakini mkono wake uliongea. Yule mtu alikuwa mchangamfu. Alitafuna biskuti huku akichora, akacheka kila alipoongeza tone, na makombo yakamwangukia kwenye ndevu. Alianza na kijani kibichi chini kabisa, juu yake kijivu, kisha manjano nyembamba iliyopakwa kwa brashi ya kulowesha, na pembeni akaacha ukingo wa zambarau. Khainza aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, tableti mapajani, akamfuata hatua kwa hatua huku kiganja cha kushoto kikiwa kimeziba mdomo. Alipomaliza, usaha ulikuwa usaha. Alitoka nje akatapika karibu na tangi la maji.

Hakuanza kujifunza kuchora kwa ajili hiyo. Khainza alikuwa karani wa shule moja ndogo ya binafsi pale Mpumudde, Jinja, na shule ilipofungwa alibaki nyumbani na baba yake, Mzee Wamboga, askari wa magereza aliyestaafu. Mama yake, Msoga wa Mafubira, alikuwa amefariki zamani. Alichokuwa nacho Khainza ni tableti iliyotumika, yenye ufa kwenye kona moja ya kioo, na mwalimu ambaye hakuwahi kumwona ana kwa ana: mwanamke wa pwani ya Kenya aliyejiita Mwalimu Hadijah, aliyeweka video za masomo ya kuchora kwa Kiswahili laini kama uji. Majirani wa Khainza walipenda Kisoga na Kiganda, na walimtania kwamba Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi. Lakini yeye alikulia kwenye kota za magereza, ambako Waacholi, Waiteso na Wagisu walielewana kwa Kiswahili tu, kwa hiyo Mwalimu Hadijah aliposema "tabaka la chini," au "kivuli cha ngozi si cheusi, mwanangu, ukiweka nyeusi umemuua," Khainza alimsikia kama mtu wa nyumbani.

Alijifunza maembe kwanza. Halafu fenesi, na fenesi lilimtesa kwa miba yake. Halafu ndege wa mtoni mwenye mdomo mrefu, akiwa juu ya jiwe. Picha hizo aliziweka kwenye WhatsApp yake, watu wakaweka vidole gumba na mioyo, na hapo ndipo zilipoishia. Mtu wa kwanza kumpa kazi ya kulipwa alikuwa Jude, mchapishaji wa mabango mjini Jinja. Jude alikuwa na mteja, yule Romano aliyejiita daktari, mwuza dawa za mitishamba mwenye gari na kipaza sauti, aliyezunguka Mbale, Tororo, Iganga mpaka Jinja. Mteja huyo alichoka na picha za mtandaoni ambazo kila mwuza dawa alikuwa nazo.

"Anataka za kwake mwenyewe," Jude alisema. "Vidonda, minyoo, mambo kama hayo. Najua si ndege. Lakini analipa kabla."

Khainza alisema atafikiria, na jioni ileile akakubali.

Kilichotakiwa kwanza kilikuwa mguu. Mguu wenye kidonda kibichi, na kando yake mguu uleule umepona. Sasa, miguu ya kwenye video ilikuwa ya wazungu, myekundu na laini, na Mwalimu Hadijah alikuwa amesema mara nyingi kwamba asiye na kitu cha kutazama anachora ndoto. Khainza hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mzee Wamboga alikuwa na kisukari, na kwenye mguu wake wa kulia, chini ya kifundo, kulikuwa na kidonda ambacho kiatu kilikianzisha na ambacho hakikutaka kufunga. Mara mbili kwa wiki mzee alipanda bodaboda kwenda kliniki, na siku nyingine Khainza ndiye aliyemwosha kwa maji ya chumvi na kumfunga shashi safi. Kazi hiyo hakuwahi kuionea kinyaa. Ulikuwa mguu wa baba yake, basi. Aliinama, akaosha, huku mzee akisimulia habari za wafungwa waliotoroka na kurudi wenyewe kwa njaa.

Siku aliyoamua, mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti cha baraza, mguu uko juu ya kigoda, bendeji imeshafunguliwa, beseni linangoja. Khainza alipiga picha. Akapiga nyingine kwa karibu. Kisha akaosha kama kawaida.

Kwenye tableti aliukuza mguu ule hadi kidonda kikajaa kioo chote. Hapo ndipo kilipobadilika. Kwenye beseni kilikuwa maumivu ya baba yake. Kwenye kioo kilikuwa shimo lenye kingo, lenye unyevu, lenye utando, na ilimbidi akipitie kila sehemu kwa brashi, taratibu, kama mtu anayelamba. Alipaka rangi ya nyama. Akapaka ule mpaka ambapo ngozi hai inaishia. Romano alitaka zaidi, naye akaongeza. Romano akataka nzi wawili, akaweka nzi. Mwishoni aligeuza picha kama inavyogeuka kwenye kioo, kwa sababu Mwalimu Hadijah alifundisha kwamba ukiigeuza picha utayaona makosa yako, na pia kwa sababu hakutaka uwe mguu wa baba. Ukawa mguu wa kushoto. Aliuacha hivyo.

Mguu uliopona ulimchukua muda mfupi sana. Alinakili picha, akafunika kidonda kwa rangi ya ngozi, akalainisha, akaweka mng'ao kidogo kwenye kifundo kama wa mafuta ya kujipaka. Ulipona mbele yake wakati chai bado ina moto.

Jude alipoichapisha aliguna. "Khainza, hii inanuka," alisema, na kwake ilikuwa sifa.

Baada ya mguu yalikuja mengine. Minyoo ndani ya utumbo uliopasuliwa. Koo lenye madoa meupe. Jicho lililovimba mpaka kope zimegeuka nje. Khainza aliacha kula mchuzi wa karanga, kwa kuwa alijua sasa ni rangi gani mbili zinazochanganywa kuupata, na alikuwa amezitumia kwingine. Akaacha maziwa ya mgando. Alipomwosha baba yake alitazama beseni, si mguu. Ndege aliwajaribu tena mara moja, akakuta mkono wake unatafuta unyevu na ukingo hata kwenye bawa. Akafuta.

Siku moja Mzee Wamboga alirudi kutoka mjini akiwa na chupa ya plastiki ndani ya mfuko mweusi. Aliiweka mezani kwa heshima, akakaa, akavua kofia.

"Khainza, Mungu si mtu," alisema. "Leo nimeona mguu wangu."

"Mguu wako vipi, Baba?"

"Pale karibu na soko, kuna gari la dawa. Wameweka bango. Mimi nilikuwa napita tu, nikasimama kama mtu amepigwa rungu. Kidonda kama changu, mahali pangu, kifundo changu! Tofauti yake, yule ni wa kushoto, mimi wa kulia. Lakini ni ndugu kabisa. Na pembeni ameonyeshwa amepona. Ngozi safi, inang'aa. Nikauliza, huyu mzee yuko wapi? Wakasema ni mtu wa Tororo, hospitali ilitaka kumkata, akakataa, akanywa hii."

Khainza aliishika chupa ndani ya mfuko wake mweusi. Akaiachia.

"Baba, zile picha za mabango ni za uongo."

"Uongo naujua. Nimelinda waongo maisha yangu yote. Ule ni mguu wa mtu."

"Inaweza kuwa imechorwa."

"Nani atakaa chini achore uchafu ule?" mzee aliuliza, na aliuliza kweli, akimtazama, akisubiri. "Mtu mwenye akili yake? Hapana. Ule umepigwa picha."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Badala yake alisimama akaenda kuwasha jiko. Usiku na mchana wa siku zilizofuata alijiambia atasema kesho, na mzee akanywa dawa yake kila asubuhi kwa kikombe cha bati, iliyonuka kama majani yaliyooza ndani ya asali. Unga wake mweusi aliunyunyiza kwenye kidonda. Kliniki aliacha kwenda. "Wale wananiosha tu," alisema. Alipofunguliwa bendeji sasa, harufu ilitangulia. Kidole gumba kilikuwa kimeanza kuwa cheusi.

Khainza alimpigia Romano simu. "Daktari, ondoa ule mguu. Tafadhali. Nitakuchorea mwingine bure."

Romano alicheka kwa upole, kama anayemcheka mtoto. "Ule mguu? Dada, ule ndio unalisha gari. Njoo Mbale uone mwenyewe watu wanavyosimama kuutazama. Utajivunia."

Akaenda. Alimwambia baba yake anakwenda kuwasalimia shangazi wa Bugisu, akampa jirani yao ufunguo, akapanda gari la asubuhi. Alipofika Mbale, ukuta wa mlima Wanale ulikuwa umejificha kwenye mawingu na mji ulikuwa na matope. Hakuhitaji kuuliza njia. Alisikia sauti ya Romano kabla ya kuliona gari.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, limeegeshwa kati ya maduka ya jumla na wauza ndizi. Pande zote lilifunikwa na kazi yake. Hakuwahi kuziona zikiwa kubwa hivyo. Utumbo ulikuwa mrefu kuliko mtoto. Jicho lilimtazama kila aliyepita. Na mguu ulikuwa nyuma, juu ya mlango, unene wa kisiki cha mti, na nzi wake wawili, na nzi wa kweli watatu au wanne wakitambaa juu yao, kwa sababu chini kulikuwa na madoa ya asali. Watu walisimama midomo wazi. Mama mmoja alimfunika mtoto macho, lakini mwenyewe akaendelea kutazama.

Romano alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye koti jeupe na kalamu nne mfukoni. Alipomtambua Khainza kutokana na picha yake ya WhatsApp, alishusha kipaza sauti, akampa msaidizi wake chupa, akaja mikono mbele.

"Msanii wangu! Karibu, karibu Mbale. Kunywa soda."

Kiganja chake kilikuwa chenye mafuta ya dawa, laini na moto. Khainza alikivuta chake akakipangusa kwenye sketi bila kuficha.

"Baba yangu anakunywa dawa yako," alisema.

"Aa, vizuri. Anaendeleaje?"

"Anaoza. Ule mguu pale ni wake. Nilichora kutoka kwenye mguu wake, halafu ukamwuzia dawa kwa mguu wake mwenyewe."

Romano alitazama bango, akamtazama Khainza, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa na kitu kama huruma. Kisha akalamba asali iliyokuwa kwenye kidole chake.

"Pole sana. Lakini sikiliza, dada. Mimi sikumwita. Alikuja. Watu wakiogopa wanatafuta chupa ya kushika, na asiponunua kwangu atanunua kwa yule pale." Akaonyesha ng'ambo ya barabara. "Wewe umefanya kazi nzuri, nimekulipa. Sasa nataka titi. Titi lenye uvimbe, limepasuka hivi. Wanawake wa huku wanaogopa sana hilo. Unaweza?"

Kabla Khainza hajajibu, mwanamke mmoja alijipenyeza kati yao. Alikuwa mtu mzima, kitambaa cha kijani kichwani, gauni la kanisani lililopauka. Shikamoo ya Khainza aliiitikia bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Romano.

"Daktari, inatibu na ya namna hii?" Akapandisha gauni kidogo juu ya goti.

Kwenye muundi wake kulikuwa na kidonda kikavu pembeni, kibichi katikati, kimefunikwa jani. Mwanamke alilibandua jani. Na Khainza, aliyesafiri kutoka Jinja kwa hasira na uchungu, akajikuta anafikiri: zambarau pembeni, kijivu chini, manjano ile nyembamba, na pale katikati nukta moja ya nyeupe. Jicho lake lilikuwa tayari limeshachora. Aliposhtuka na kujua anachofanya, mate yalimjaa mdomoni, na hakuwa na hakika anamwonea kinyaa nani, kidonda, Romano au nafsi yake. Hapana. Hakika alikuwa nayo.

"Inatibu, mama," Romano alisema. "Unaona yule mzee wa Tororo?"

"Mama, usinunue," Khainza alisema. "Hakuna mzee wa Tororo. Ule mguu nimeuchora mimi."

Mwanamke ndipo akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Ngoja."

Programu aliyochorea ilikuwa na tabia ya kurekodi kila mstari na kuuchezesha tena kwa kasi. Khainza alikuwa ameihamishia video ya mguu kwenye simu yake. Akaifungua, akaishika mbele ya uso wa yule mwanamke. Kioo kilikuwa cheupe. Ukatokea mstari wa kisigino. Mguu ukavimba kutoka hewani kama mkate, ukapata ngozi, ukapata kucha. Halafu kidonda kikafunguka, kikapanuka, kikalowa, nzi wakatua. Mara, kwa mapigo machache ya brashi, kikafutika. Ngozi ikang'aa.

Watu waliokuwa karibu walisogea. "Rudisha," kijana wa ndizi alisema, na Khainza akarudisha. Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Kumbe ana mkono huyu! Dada, unaweza kunichora mimi na pikipiki yangu?" Mzee mmoja aliyekuwa tayari ameshika chupa aliigeuza akayasoma maandishi yake kwa mara ya kwanza.

Romano hakukasirika. Alichukua kipaza sauti chake, akakohoa.

"Mabwana na mabibi, mnamwona huyu? Huyu ndiye msanii wetu, ametoka Jinja! Mimi daktari siwezi kumpiga mgonjwa picha akiwa uchi, hiyo ni aibu, hata serikali inakataza. Kwa hiyo tunachora! Picha inachorwa, lakini ugonjwa, je, ugonjwa umechorwa? Mama, hicho cha kwako kimechorwa?"

"Hapana!" watu wawili watatu walijibu, na kicheko kikaenea, cha kupumua, cha watu waliopata ruhusa ya kuendelea kuamini. Msaidizi akaanza kugawa chupa tena. Mzee wa ile chupa aliiweka mfukoni.

Mwanamke wa kitambaa cha kijani hakucheka. Alilirudisha jani lake mahali pake, taratibu, akashusha gauni.

"Na mwenyewe?" alimwuliza Khainza. "Mwenye mguu?"

"Ni baba yangu. Yuko nyumbani. Hajapona. Amezidiwa."

"Baba yako."

"Ndiyo, mama. Nenda hospitali, tafadhali. Nitakupeleka mwenyewe, si mbali, nitakaa na wewe."

Mwanamke alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga. "Ulimkalia baba yako unamchora hivyo," alisema. "Na huyu akauza. Nyinyi ni mtu na mkewe." Akatema mate kwenye matope, karibu kabisa na kiatu cha Khainza, akaenda zake. Khainza alimfuata kwa macho mpaka kitambaa cha kijani kikapotea nyuma ya magunia ya maharage. Kama alikwenda hospitali au kwa yule wa ng'ambo ya barabara, hakujua kamwe.

Alirudi Jinja siku hiyohiyo. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha baraza, koti limefungwa vifungo vyote ingawa kulikuwa na joto, na meno yalikuwa yanagongana. Khainza hakuvua hata viatu. Alipiga magoti akamweleza yote, kuanzia picha aliyopiga mzee akiwa amesinzia, hadi nzi, hadi mzee wa Tororo. Hakujitetea, maana kila alipofungua mdomo kujitetea alisikia sauti ya Romano.

Mzee Wamboga alitazama chini. Mguu wake ulikuwa pale kati yao, juu ya kigoda, ndani ya bendeji iliyolowa.

"Ulipokuwa unaniosha," alisema hatimaye, "ulikuwa unaniosha, au ulikuwa unachora?"

"Mwanzo nilikuwa nakuosha."

"Na baadaye?"

"Baadaye vyote viwili, Baba."

Mzee aliinama, akashika mguu wake kwa mikono miwili, akaushusha chini, akauvuta chini ya kiti mbali na binti yake. "Katika magereza," alisema, "mtu akifa tulikuwa tunamfunika hata kabla ya kuandika jina. Hata mwizi. Hata muuaji." Halafu akasema, "Ita boda."

Hospitali walimkata kidole gumba na cha jirani yake, na wakasema ana bahati ya kubaki na kisigino. Wodini Khainza alileta uji, akafua shuka, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda kama wauguzaji wengine. Lakini muuguzi alipokuja na trei ya kufungua kidonda, mzee alisema bila kuinua sauti, "Afande, huyu atoke kwanza," na Khainza akatoka, akasimama koridoni na harufu ya dawa ya kusafishia, mpaka muuguzi alipomaliza. Ndugu wengine waliokuwa pale walidhani ni adabu ya wazee.

Alimtumia Jude ujumbe kwamba hafanyi tena kazi za Daktari Romano, hata titi, hata kitu gani. Alijiandaa kubembelezwa. Jude akajibu kwamba hakuna shida, Romano mwenyewe ameshasema hamhitaji. "Siku hizi anaiambia tu simu, inamchorea. Dakika moja. Haichoki, haitapiki."

Mabango mapya yalifika Jinja mvua zilipoisha. Khainza aliyaona akitoka kununua shashi. Zilikuwa picha laini mno, zinazong'aa kama sahani, na mguu mmoja ulikuwa na vidole saba. Titi lilikuwepo. Lilikuwa baya kuliko alivyoweza kulifikiria, na chini yake, kutoka kwa simu isiyojua kunusa, kulikuwa na manjano ileile nyembamba, na kijani, na ukingo wa zambarau. Watu walikuwa wamesimama. Hakuna aliyehesabu vidole. Msichana aliyevaa sare ya shule alikuwa ameshika kifua chake kwa mkono mmoja bila kujua kwamba amekishika. Khainza alimwendea, akamwambia pale kliniki wanapima bure, asubuhi, asiogope. Msichana akakimbia kwa haya. Yule mwuzaji, si Romano bali kijana wake, akamtazama Khainza na kumpigia ukope.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, maana hakutaka kukaa nyuma ya mtu yeyote na kunusa shati lake. Mwalimu Hadijah alikuwa ameweka somo jipya, la kuchora maji yanayotiririka juu ya mawe. Khainza hakulifungua. Bado hakuweza kuvumilia kitu chochote chenye unyevu.

Mzee alikuwa chumbani kwake, mlango umerudishwa. Tangu atoke hospitali alijifunga mwenyewe, na kila siku Khainza alisikia maji yakimwagwa, kigoda kikikwaruza sakafu, na mzee akihema na kulaani kwa Kigisu kwa sababu mgongo wake haukukubali tena kuinama. Yeye aliacha vifaa mlangoni, akaondoka. Leo aliweka shashi chini kama kawaida, na alipogeuka alisikia kitu kikianguka na kubingirika.

"Khainza."

"Naam, Baba."

"Hii bendeji imenikimbia. Njoo ushike ncha."

Aliingia. Bendeji ilikuwa imejifungua kutoka kitandani hadi kwenye kabati. Mzee alikuwa ameketi ukingoni, mguu ameupandisha juu ya goti la pili, umefunikwa nusu. Alimnyooshea ncha bila kumtazama usoni.

"Kaza hapa. Si sana." Na Khainza alipoinama: "Tazama ukuta."

Khainza alishika ncha, akatazama ukuta.

"Bado," mzee alisema, akizungusha. "Bado. Usigeuke."

"Sigeuki, Baba."